Ligi za watoto zianzie mitaani

Mhariri,

Kila jioni hapa Kayole naona watoto wakipiga mpira wa makaratasi, magoli yakiwa mawe mawili. Kocha wao halipwi. Hata glukosi huwanunulia kwa pesa yake mwenyewe.

Mwaka 2024 wasichana wetu wasiozidi miaka 17 walicheza Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika huko. Vipaji basi tunavyo! Kombe la Afrika 2027 tutaliandaa pamoja na Uganda na Tanzania, na timu yetu ya taifa, Harambee Stars, haiwezi kujengwa kambini kwa wiki mbili. Mtoto afundishwe kupokea pasi akiwa na miaka 10. Kila wadi ipate ligi ya watoto ya mwaka mzima, na makocha hawa walipwe. Na uwanja wetu, ambao nusu yake sasa yaegeshwa malori, turudishiwe.

Mzazi,
Kayole, Nairobi