Madaktari mnaopandikiza figo, tuelezeni mlipita wapi

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii ni ndefu ila nimekaa nayo muda na kila nikitaka kuikata naona nakata kile kile nilichotaka kusema.

Mi ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne hapa Dodoma na ninachotaka kufanya maishani nakijua, nataka kupandikiza figo. Siyo daktari wa figo wa kliniki na dawa, hao nawaheshimu mno na bila wao hakuna upandikizaji wowote, ila mi nataka kuwa yule anayeshika sindano na kuiunganisha figo ya mtu mmoja na mishipa ya mtu mwingine. Darasani kwetu tupo watano tunaotaka hivyo, tumeshaambiana. Tatizo letu ni kwamba tunajua tunakoenda ila hatujui gari linapakilia wapi, na wa kumuuliza hatumpati.

Na hii siyo habari ya mbali. Muhimbili walianza Novemba 2017 wakisaidiana na madaktari kutoka India, na 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma nayo ikapandikiza ikishirikiana na madaktari wa Japani. Kabla ya hapo mgonjwa akitakiwa kuwekewa figo alikuwa anapandishwa ndege, wengi walienda India, na ambaye hana uwezo anabaki. Mi nilikuwa sekondari Kongwa, nikasikia kwenye redio ya babu kwamba Dodoma wamepandikiza figo, na kwa kweli nilidhani nimesikia vibaya, Dodoma hii ya kwetu.

Alafu miaka ikapita mjomba wangu akapata presha, hakuifuatilia, figo zikafa. Sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara masaa manne kwenye kiti, siku akitoka hapo anakuwa kama mtu aliyelima heka nzima peke yake. Nikiwa sina kipindi naendaga kukaa naye. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, hivi wakiniwekea mpya, hizi zangu wanazitupa wapi?" Nikamwambia mara nyingi hazitolewi, zinabaki huko huko mgongoni, mpya inawekwa mbele chini ya tumbo karibu na nyonga kwa sababu pale mishipa mikubwa ya kwenda mguuni iko karibu na kibofu pia kipo karibu. Akashika tumbo lake pale nilipomwonyesha, akanyamaza kidogo, akasema, "Na wewe ukimaliza ndo utaweza kuifanya hii kazi?" Nikasema ndiyo. Kusema kweli sikujua kama nimemwambia ukweli, na ndo maana naandika.

Kwa sababu nimeuliza. Nimemuuliza mwalimu mmoja akaniambia maliza kwanza digrii hayo mengine yatakuja, mwingine akasema hiyo ni fani ya nje ya nchi wewe fikiria akina mama na watoto. Siwalaumu, wana wanafunzi wengi na wagonjwa wengi. Ila "yatakuja" siyo jibu, mtu anayeenda Arusha akifika stendi anaambiwa basi lipi na linaondoka saa ngapi, haambiwi Arusha itakuja.

Kwa hiyo tulichonacho tumekiokota vipande vipande na naomba wakubwa watusahihishe. Digrii ya udaktari miaka mitano, intaniship mwaka mmoja, hapo unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Alafu umahiri wa upasuaji miaka mitatu au minne kutegemea fani na chuo, hapo unaitwa bingwa. Au unapita njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao makuu Arusha, wao unajifunza ukiwa kazini hospitalini, miaka miwili ya mwanzo ya msingi na mitatu ya fani yako, mitihani migumu ila hukai darasani. Baada ya hapo ndo ubobezi wenyewe wa kupandikiza, na hapa ndo ukungu unapoanzia. Nikihesabu kwa vidole, na miaka ya kusubiri ajira na ufadhili nikiiweka, nitakuwa na miaka thelathini na sita au saba kabla sijaachiwa kushona ateri ya figo, yani mshipa unaoipelekea damu, peke yangu. Sijakata tamaa kwa hilo, mjomba wangu anahesabu siku mbili mbili mi siwezi kulalamikia miaka, ila nataka niihesabu sawasawa.

Swali linalotugombanisha sana hosteli ni mlango upi, upasuaji wa jumla au urolojia, yani upasuaji wa figo na njia ya mkojo. Marekani ukimaliza upasuaji wa jumla miaka mitano ndo unaongeza miwili ya upandikizaji, na wa urolojia nao wanapokelewa. Uingereza wengi wanapitia upasuaji wa jumla. India figo nyingi zinapandikizwa na madaktari wa urolojia, na India ndo wengi wa kwetu wanakoenda kusoma. Rafiki yangu anasema ukichukua urolojia umejifungia, siku nchi ikitaka mtu wa kupandikiza ini hutaweza kusogea, na kwenye hilo yuko sahihi, ini linataka mtu wa upasuaji wa jumla aliyekomaa na tumbo la juu. Mi namjibu kwamba Joseph Murray aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, Boston tarehe 23 Desemba 1954, figo ya Ronald Herrick akamwekea pacha wake Richard, alikuwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, wala hakuwa wa urolojia. Richard aliishi miaka nane zaidi na Murray akapewa Nobel 1990. Lakini hiyo ilikuwa zamani na milango ilikuwa haijajengwa, leo mtu ukikosea mlango unapoteza miaka minne, kwa hiyo naomba anayefanya hii kazi hapa Tanzania aseme tu, mi nilipita hapa, na ningekuwa naanza leo ningepita pale.

Kitu kingine ni mkono. Tunaambiwa upasuaji ni mkono, sasa unafundishwa lini? Mwezi wa pili nilienda soko la Majengo kwa muuza nyama nikamwambia nataka figo mbili za mbuzi ila usinikatie mishipa, niachie urefu wa kidole. Akaniuliza napika nini hicho, nikamwambia siendi kuzipika, naenda kuzishona, akaniangalia muda mrefu alafu akarudi ndani akaleta zingine ambazo alikuwa bado hajazigusa. Sasa hivi Jumamosi akiniona tu ananiwekea. Nyuzi napewa na sista mmoja wa thieta, zile zilizopita muda wake, na uzi wenyewe wa kazi hii ni namba 6-0, mwembamba kama unywele, ukiuachia kwenye shuka huuoni tena.

Mara ya kwanza nilishona ateri ile nikaona nimemaliza vizuri, nikachukua bomba la sindano nikasukuma maji, hayakupita hata tone. Nilipoipasua nikakuta sindano ilikuwa inashika na ukuta wa nyuma, yani nimeuziba mshipa kwa mikono yangu mwenyewe, angekuwa mjomba figo imekufa pale pale mezani. Baadaye ndo nikasoma habari za Alexis Carrel, Mfaransa. Rais wao Sadi Carnot alichomwa kisu Lyon 1894 akafa kwa sababu hakuna daktari aliyeweza kushona mshipa mkubwa uliokatika, na Carrel alikuwa kijana anajifunza udaktari mji huo huo, akaenda kwa mama mmoja fundi wa kutarizi akafundishwa sindano. Mbinu yake ni kuweka mishono mitatu kwanza na kuivuta ili mdomo wa mshipa ambao ni duara uwe pembe tatu, hapo unashona upande mmoja mmoja na ule wa nyuma unakaa mbali na sindano. Alipata Nobel 1912 na mpaka leo kila anayeunganisha mishipa anatumia msingi wake.

Mama yangu ni fundi cherehani Kongwa. Likizo nilimwonyesha nilivyoshona, akaangalia akasema, "Baba, unavuta uzi sana, ndo maana panakunja." Na kweli, ukivuta sana uzi mdomo unajikunja kama mdomo wa mfuko wa kamba, mshipa unabana, damu haipiti ya kutosha. Nimekuja kulikuta jambo hilo hilo kwenye kitabu baadaye. Sasa kama mama yangu aliweza kuliona kwa kuangalia mara moja, je, daktari ambaye ameshona ateri za watu akisimama nyuma yetu saa moja tu kwa mwezi, si atatutoa mbali? Figo za mbuzi tutanunua wenyewe.

Kuna mwenzetu kati ya wale watano, ni dada, ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko sisi wote. Mkubwa mmoja wodini alimwambia achague ngozi au macho, hii fani ina usiku mwingi na hataweza kuwa na familia. Wiki mbili hakuja kwenye mazoezi. Amerudi, ila naomba dada zetu na mama zetu mliopita upasuaji muandike kwenye gazeti hili, hata mistari mitano, kwa sababu sisi wanaume tukimwambia usisikilize maneno hayo haina uzito.

Alafu kuna upande ambao hatujauliza kabisa na mi naona ndo mzito zaidi, upande wa mtoa figo. Wagonjwa wetu wote tunaowasoma wanakuja wanaumwa. Mtoa figo haumwi, ameingia hospitali kwa miguu yake, na sisi ndo tunamlaza tunampasua. Kwetu wachangiaji ni ndugu walio hai, kwa hiyo jambo linaanzia kwenye kikao cha ukoo. Nilikuwepo kwenye kikao cha mjomba. Wazee walikaa, hakuna aliyesema jina la mtu, ila wote walikuwa wanamwangalia binamu yangu, kijana wa miaka ishirini na tatu aliyeoa juzi, na yeye anaangalia chini. Mjomba mwenyewe ndo akavunja kikao, akasema hataki mtu asiyeumwa alazwe kwa ajili yake, basi. Mpaka leo binamu hajaulizwa akiwa peke yake anataka nini. Labda angekubali kwa moyo mweupe, labda asingekubali, na daktari anayejua kazi yake angemwita pembeni bila wazee akamwuliza, na akikataa angeilinda siri yake. Hii inafundishwa wapi? Azimio la Istanbul la 2008 linakataza biashara ya viungo na nalikubali kwa asilimia mia, ila kulazimishwa na ukoo nako kunaumiza na hakuna hela iliyopita mkononi. Nataka kufundishwa kuongea na yule kijana kabla sijafundishwa kumpasua.

Na baada ya yote naomba tuambiwe ukweli kuhusu kazi yenyewe. Upasuaji wa figo haufanywi na mtu mmoja, kunatakiwa wa kutoa na wa kuweka, daktari wa usingizi, daktari wa figo, maabara ya kupima damu ya mpokeaji kama itaipiga vita figo ya mchangiaji, manesi wa kumwangalia saa kwa saa mkojo umetoka kiasi gani, alafu dawa za kushusha kinga kama takrolimasi ambazo mgonjwa anakunywa maisha yote. Sasa bingwa bobezi akirudi kutoka masomoni akapangiwa mahali ambapo timu hiyo haipo, atashona nini? Mkono wa kushona mishipa usiposhona unasahau. Wanaopanga mafunzo wapeleke timu nzima, na sisi tuambiwe mapema nafasi za nesi, za maabara na za usingizi ziko ngapi, maana kati ya wale watano nina uhakika wawili wangechagua usingizi kwa furaha kama wangejua wanahitajika huko.

Mhariri, ninaloomba kwa madaktari wetu wa Dodoma na wa Dar ni vitu vidogo. Mmoja akubali kuandika hapa njia yake aliyopita, mwaka kwa mwaka, na gharama na nani alimlipia. Na mwingine atupe Jumamosi moja baada ya raundi. Siku ya upandikizaji kukiwa na nafasi ya mtu wa kusimama tu ukutani bila kugusa kitu, mtuite, hata saa kumi alfajiri tutakuja kwa miguu kutoka hosteli.

Mjomba anasafishwa tena keshokutwa. Nitaenda kukaa naye, na akiniuliza tena lile swali lake nataka niwe na cha kumjibu.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne
Dodoma