Kidonge nameza kila siku, mbona tumbo na uchovu vimebaki?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu kidogo ile makala yenu ya afya kuhusu tezi ya shingo kupungukiwa nguvu. Makala ilikuwa nzuri na sina ugomvi nayo, ila pale mwandishi aliposema ukishaanza dawa maisha yanarudi kama zamani, hapo nikasema hapana, leo lazima niandike. Kuna watu yanawarudia kweli, nawajua. Wengine hayarudi yote, na sisi hatusikiki kwasababu kwenye karatasi ya maabara tumeshapona.

Huku nyanda za juu ukitaja tezi ya shingo watu wanawaza goita, mabibi zetu wengi walikuwa nayo kwa kukosa madini joto na chumvi ya madini joto ikaja kusaidia sana kuanzia miaka ya 90. Sasa ya kwangu sio hiyo. Mtu unakula chumvi hiyohiyo kila siku, shingo haina uvimbe wowote, kumbe kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe taratibu mpaka homoni zinapungua. Ugonjwa huu daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912, kwahiyo shangazi yangu anaposema ni mambo ya kuku wa kisasa namwacha tu aseme. Homoni hizo ndo zinaendesha kasi ya mwili mzima, moyo, joto, utumbo, mpaka kufikiri, zikipungua kila kitu kinakwenda polepole.

Shida ya kuumwa hivi ukiwa Njombe ni kwamba baridi ni ya kila mtu. Dalili kubwa ni kusikia baridi, nani atakushangaa umevaa masweta mawili? Mimi nilishtukiwa Dar kwa dada yangu, watu wanajipepea mimi nimejifunika kitenge na soksi miguuni, shemeji ndo akasema huyu apelekwe akapime, hii sio kawaida.

Kabla ya hapo nilitibiwa tumbo tu. Choo kigumu, siku zinapita hujaenda, tumbo limejaa gesi, unakula matonge machache umeshiba kama umetoka harusini. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, za minyoo, za taifodi, halafu tena za taifodi. Hakuna aliyewaza shingo, na sio ajabu, nani anapeleka shingo kwa tatizo la choo? Lakini utumbo nao ni msuli, homoni ikiwa chini unasukuma chakula kivivu.

Basi nikaanza levothairoksini, kidonge cha kurudishia homoni ya tezi, kile kipimo cha damu cha TSH, ambacho kinapanda tezi ikilegea, kikashuka polepole mpaka kikaingia kwenye kiwango chake, nikaambiwa mama uko safi. Na kweli baridi ilipungua, uso ukaacha kuvimba, nywele zikatulia. Tumbo na uchovu vikabaki. Na sio uchovu wa kazi, unaamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala, mi ni fundi cherehani, kuna siku nakata kitambaa halafu nakaa nakitazama tu. Wateja wanasema fundi siku hizi una ahadi za uongo, japo mafundi tulikuwa na sifa hiyo hata kabla ya hii tezi, thairoidi wanavyoiita. Ukirudi kulalamika unaambiwa vipimo viko vizuri, hayo ni mawazo, pumzika. Nipumzike vipi na nguo za kipaimara ziko mezani?

Sasa hapa ndo pana mambo makala haikugusa. Kile kidonge kina wivu, kinataka tumbo tupu na maji matupu, halafu usubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unywe chai. Maziwa, kahawa na soya vinakizuia kufyonzwa vizuri. Dirishani kwenye dawa ule mfuko unaandikwa 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, basi, na 1x1 kwetu huku ni pamoja na chai ya maziwa ya moto na kiazi. Mbaya zaidi ni hizi dawa za kutibu yaliyobaki. Umechoka, unapewa vidonge vya kuongeza damu, vile vina madini ya chuma, vinakamatana na dawa ya tezi tumboni inapotea, vinatakiwa vipishane kama masaa 4, na juu ya hapo vyenyewe vinafunga choo. Tumbo linasumbua, unapewa omeprazoli au zile dawa za kutafuna za kuzima asidi, nazo zinapunguza dawa kuingia. Yani unatibu mabaki ya ugonjwa huku unaukaribisha wenyewe urudi, na hakuna anayeziweka dawa zako zote mezani akaziangalia kwa pamoja. Vidonge vya kalsiamu navyo vilevile, vipishane na dawa ya tezi masaa 4.

Halafu hata dawa ikiingia vizuri bado kuna ya kuangalia. Mwili ulioanza kushambulia tezi wakati mwingine unashambulia na tumbo, ukashindwa kunyonya vitamini B12, na ukikosa hiyo unachoka na ganzi juu. Wenye sukari wanaotumia metformini nao inaweza kuwashukia. Wengine damu iko chini, wengine ngano ndo inawaharibu utumbo. Kwahiyo kama TSH ni nzuri na mtu bado anaburuza miguu, apimwe damu na hiyo B12 kabla ya kuambiwa ana mawazo. Na wapo ambao kila kipimo kiko sawa na bado wamechoka, hao nao sio waongo, madaktari wenyewe wanabishana kwanini.

Mimi kilichonipa nafuu, sio kupona, nafuu, ni kuhamishia kidonge usiku baada ya kuongea na daktari, nakula mapema, yakipita masaa 3 au zaidi nameza nalala, chai yangu ya asubuhi ikabaki na maziwa yake. Na parachichi, zile ambazo wanunuzi wa kusafirisha nje wanazikataa sisi tunakula, choo kimelainika. Maharage yananijaza gesi hata iweje, nimeyaachia watoto.

Nigusie na hawa wanaouza unga wa kusafisha tezi kwenye magrupu ya whatsapp, wanakwambia acha vidonge vya hospitali. Ukiacha hausikii kitu siku za mwanzo kwasababu homoni inakaa mwilini, hata nusu yake kuisha inachukua kama wiki nzima, hapo ndo unadhani unga umefanya kazi na unatoa ushuhuda kwenye grupu. Wiki kadhaa baadaye umevimba uso unatafuta nauli ya hospitali. Na unga wenye mwani una madini joto mengi kupita kiasi, kwa sisi ambao kinga inashambulia tezi unaweza kuizidishia tezi shida.

Mhariri, ninachoomba ni daktari wenu aandike sehemu ya pili, na aanze na wajawazito. Mjamzito mwenye tatizo hili mara nyingi dozi yake inatakiwa ipande mapema kwasababu mtoto anategemea homoni ya mama miezi ya mwanzo, na huyohuyo ndo anayepewa vidonge vya damu kliniki akiambiwa ameze kila siku. Aelezwe ameze kipi saa ngapi, na wanaogawa dawa waandike hivyo kwenye mfuko badala ya 1x1.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani, Njombe