KUH: KADI ILIYOKATALIWA KATIKATI YA JARIBIO NA KUDHALILISHWA KWANGU MBELE YA WATU

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

Naandika kwa heshima, heshima ambayo sikuipata kwenu.

Jumanne usiku nilikuwa nyumbani Kahawa West, nikiiendesha kwa mtandao mota iliyo katika maabara yenu, nami nikinakili vipimo vya kasi yake. Ghafla skrini ikaandika kwamba kadi yenu ya kuingilia maabara haitambuliki. Nikafungiwa nje. Hata hivyo, kikao nilicholipia kilihesabiwa kuwa kimetumika na pesa zangu za M-Pesa hazijarudi.

Asubuhi nilifika ofisini Westlands. Mhudumu wenu aliigeuzageuza kadi, akasema imeisha betri. Betri gani? Kadi hizi hazina betri. Hupata umeme kwa kisomaji chenyewe, kwa mawimbi ya megahezi 13.56, zikiwa sentimita chache tu kutoka kwacho. Nilipomweleza hivyo kwa upole, aliiinua juu foleni nzima ione, akauliza, "Hii umeitoa wapi, dada?"

Na si kwamba hamkuonywa. Wiki iliyotangulia niliwaandikia kuwa kadi inasumbua, nikaomba nyingine. Mlijibu, "Tunashughulikia."

Narudia lile la kaunta, maana silisahau. Kadi ina picha yangu na jina langu. Kitambulisho changu nilikuwa nimekiweka mbele yake, hakukitupia jicho. Aliinua kadi, akauliza nimeitoa wapi, askari wa mlangoni akasogea, na mama aliyekuwa nyuma yangu akakumbatia mkoba wake. Mimi, mteja niliyelipa, nikatazamwa kama mwizi!

Nataka pesa zangu, kadi mpya, na kikao kingine kabla ya Ijumaa, siku ya kukabidhi ripoti yangu chuoni. Nataka pia barua ya kuniomba radhi, iliyotiwa sahihi na wewe Meneja, si na mhudumu. Tena nataka kumbukumbu zote za matumizi ya kadi yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki hiyo.

Mkinyamaza siku saba, malalamiko yatafika kwa Kamishna wa Data, nami nitawashtaki katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Huko madai ya hadi shilingi milioni moja husikizwa, na sihitaji wakili. Wenzangu darasani wenye kadi zenu wako tayari kutoa ushahidi.

Mteja wenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Uhandisi wa Umeme