Shemeji, hizo koilova usizilipie kwanza

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shemeji yangu,

Habari za Tanga, na mzee anaendeleaje na miguu? Huku Goba tupo. Mvua zimeuchimba mtaa wetu hadi bajaji zinatushusha kule juu tutembee wenyewe. Watoto wazima, dada yako mzima. Picha za hizo koilova za mtumba unazotaka kuifungia Impreza yako, yaani shokapu zilizovalishwa springi zenye ringi za kushushia gari, nimeziona zote nne, nimezikuza na kuzigeuza mpaka dada yako akauliza ni nani huyo anayetazamwa hivyo. Nikamwonyesha koilova zimelazwa juu ya gunia. Akacheka sana, akasema, "Mwambie kaka yangu asije akafuata ujinga wako." Kwa hiyo ninayoandika yana baraka za nyumbani.

Usitume hela. Tazama tena picha ya tatu, ile shokapu ya pili kutoka kushoto. Shingoni, pale fimbo inapoingia kwenye mwili, pana vumbi limegandiana kama tope la juzi. Vumbi haligandi pakavu, shemeji. Hapo mafuta yameshaanza kutoka. Halafu tazama zile ringi za kurekebishia urefu: zote zimeteremshwa mpaka chini kabisa, na nyuzi zilizo juu yake zina kutu. Maana yake aliyekuwa nazo alizishusha mwisho akazisahau hapo kwa miaka. Kwa chumvi ya huko kwenu, ukitaka kuzipandisha kidogo utazigonga kwa patasi na nyundo, na nyuzi zitakwisha kabla ringi haijasogea. Anayeuza anasema zimetoka Japani na hazijatembea sana. Inawezekana zimetoka Japani.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nilinunua za namna hiyo. Unakumbuka Impreza yangu niliichukua ikiwa imeshashushwa. Niliipenda ilivyokaa, sikuuliza imeshushwaje. Siku ya kwanza kuipandisha jeki nikasikia kitu kinacheza: springi za mbele zilikuwa zimekatwa kwa grenda, na tairi likining'inia springi inabaki huru kwenye kitako chake, unaizungusha kwa mkono. Kule mwisho ilikokatwa hapakai sawa kwenye kikombe, pamekula chuma. Nikakimbilia kununua koilova za mtumba kwa muuzaji mmoja ambaye simu yake haipatikani tena. Mbili zilikuwa zinavuja ndani ya mwezi. Nikaendesha hivyo hivyo, naona aibu kurudi kwa fundi.

Ndipo ikaja ile safari ya harusi kwenu. Watu wazima wanne, mizigo ya nyuma, na zawadi ambayo mama yangu alikataa isiende na basi. Kila tuta la rasta lilikuwa linatupiga mgongoni kama mtu anatugonga na mwiko. Tulipovuka Chalinze dada yako akaacha kuongea. Tulipofika Segera akashuka, akasema atamalizia na Noah ya abiria. Wewe ulituona tunaingia nyumbani kwa nyakati tofauti ukadhani tumegombana. Tuligombana, lakini na shokapu.

Fundi aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Ilala, hana haraka. Nilimwambia springi zangu ni ngumu mno, anitafutie laini. Hakujibu. Alipandisha kile kipira cha kuzuia vumbi, akafunga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo ya shokapu, akaisukuma chini mpaka ikagusa mwili, akaniambia nizunguke mtaani na kurudi. Niliporudi, kamba ilikuwa imesukumwa mpaka juu kabisa, imebanwa kwenye ile raba ya ndani inayozuia shokapu isigonge chuma kwa chuma. Nilikuwa peke yangu ndani ya gari, kwa mwendo wa kawaida. Akasema, "Hapa springi haifanyi kazi. Unaendeshea raba."

Hesabu yake ni nyepesi. Chukulia kila shokapu ya mbele ina sentimita nane za kushuka kabla haijafika kwenye raba. Ukifunga springi fupi iliyoshusha gari sentimita nne, na shokapu ikabaki ileile ya kiwandani, umebakiwa na nne. Pakia watu na mabegi, zinakwisha mbili. Mbili zilizobaki ndizo za kupokea mashimo yote kuanzia hapo kwenu hadi Muheza. Zikiisha, raba inashika kwa ghafla, na mshindo unakwenda kwenye mauntini, pale juu shokapu inaposhikwa na bodi, kwenye bodi yenyewe, na kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa nyuma. Ndiyo maana unaweza kufunga springi ngumu zaidi ya ulizonazo na gari likawa laini zaidi: springi ngumu kidogo, yenye nafasi ya kucheza, inalizuia gari lisifike kwenye raba. Mimi nilikataa kuamini hilo mpaka nilipolikalia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitu, pima. Gari likiwa mahali tambarare, chukua futi, pima kutoka katikati ya habu kwenda wima hadi kwenye ukingo wa madigadi, pande zote nne. Usipime kutoka ardhini, tairi na upepo vitakudanganya. Halafu funga kile kikamba, mpakie mkeo na watoto, nenda Muheza urudi. Ukiona kimefika juu kabisa, unajua unanunua nini: unanunua nafasi ya kucheza. Urembo utakuja wenyewe.

Sasa vitu vyenyewe. Kosa linalofanywa sana ni kuchukua springi fupi nzuri na kuzifunga juu ya shokapu za kawaida zilizochoka. Springi fupi huwa ngumu kuliko ya kiwandani, na shokapu ya kawaida haina nguvu ya kuizuia inaporudi juu. Gari linaruka ruka kama mbuzi. Ukiamua njia ya springi na shokapu, zote mbili ziwe zinajuana. Kwa shokapu za kampuni ya Kayaba, zile nyeusi za Excel-G ni za gari la urefu wa kawaida. Zile za bluu, New SR Special, zina nguvu zaidi na zinavumilia springi fupi za wastani. Kwa zile za Bilstein, herufi na namba ndizo zinazosema: B4 ni ya kurudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, B6 ina nguvu zaidi lakini kwa urefu uleule, B8 ndiyo iliyofupishwa mahususi kwa gari lililoshushwa. Mtu akikuuzia B6 kwa gari la chini akakwambia ni kitu kilekile, muulize fimbo ina urefu gani, uone atakavyoanza kutafuta simu yake.

Ukitaka koilova lazima, ziwe mpya, na uulize jambo moja: urefu unarekebishwa wapi? Kuna zinazoteremsha kitako cha springi tu. Kila ukishusha gari, unakula nafasi ya shokapu. Na kuna zile ambazo mwili mzima unazunguka ndani ya mguu wake wa chini, kwa hiyo gari linashuka na shokapu inabaki na nafasi yake. Tein Flex Z ni za namna hii ya pili, na zina hatua 16 za kulegeza au kukaza. Zimezibwa, ikichoka huifungui kuifufua, unanunua nyingine. Kwa mtu wa kila siku hilo si baya. Baya ni kuzinunua kisha ukazishusha mpaka mwisho kwa sababu inawezekana.

Maoni yangu kwako: springi fupi za wastani, zisizoshusha zaidi ya sentimita tatu kutoka urefu wa kiwandani, na shokapu mpya zinazoendana nazo, nne zote. Wewe unabeba watu, unaegesha kwenye vumbi, na baharini ni hatua mbili. Koilova zinataka mtu wa kuziosha na kuzipaka grisi, na wewe hata oili nakukumbusha mimi. Najua utasema gari halitakaa kama lile la kwenye picha. Halitakaa. Lakini utapanda nalo Lushoto kwenye zile kona za kutoka Mombo ukiwa unalifurahia, badala ya kusikiliza chini.

Nisije nikasahau Forester ya mzee. Ile kuinamisha makalio haikushushwa na mtu. Nyingi za Forester za umri ule zilitoka na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe zikipakiwa mzigo, na zikichoka gari linakaa nyuma. Zikiwa ndizo, mtu asimuuzie mzee shokapu za kawaida peke yake. Springi zake ni laini kwa kuwa shokapu zilikuwa zinasaidia kubeba, kwa hiyo ukiweka za kawaida, badilisha na springi ziwe za kawaida pia. La sivyo italala vilevile, na atasema wakwe wa siku hizi hawana faida.

Turudi kwako, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wangu na mafundi ulipo. Ukifungua, fanya na bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari. Bushi kubwa ya nyuma ya wishiboni (ule mkono wa chini unaoshika tairi), ile ya Impreza inayochoka kwanza, boljointi, linki za stebilaiza (chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona), na mauntini za juu pamoja na beringi zake. Gari likiwa la chini, wishiboni inakaa kwa pembe ambayo haikukusudiwa na bushi inasokotwa muda wote. Chukua za raba za kiwandani. Zile ngumu za rangi rangi ni za watu wa mashindano, zitakuletea kelele na mtetemo bila kukupa unachokitafuta.

Na zikifungwa, simama hapo hapo. Usiende kunywa chai. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma chake, haizunguki. Inajisokota na kujirudi. Fundi akikaza bolti tairi zikiwa zinaning'inia kwenye jeki, ameikaza raba katika mkao wa kuning'inia. Akishusha gari, bushi tayari imeshasokotwa kabla hujatoka gereji, na kwenye gari la chini msokoto huo ni mkubwa zaidi. Itachanika baada ya miezi michache na utalaumu spea. Bolti zishikwe kidogo tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake juu ya shimo, litikiswe, ndipo zikazwe. Nimeshafukuzwa gereji moja kwa kusisitiza hili, na sijutii.

Tairi nalo. Una rimu za inchi 17 na tairi za 215/45, ukuta wa raba hapo haufiki hata milimita 97. Ukirudi kwenye inchi 15 za 195/60 unapata milimita 117, na kipenyo chote kinapungua kwa sentimita moja tu. Hizo milimita 20 ni shokapu ya bure. Najua unazipenda hizo 17. Ziweke kwa ajili ya harusi.

Alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa tairi, iwe mwisho kabisa, gari likishatembea wiki moja springi zikae. Mbele, ile bolti ya juu inayoshika shokapu kwenye nako (chuma kinachobeba habu) ina kichwa cha kurekebishia kemba, yaani tairi linavyoinama ukilitazama kwa mbele, kwa hiyo fundi asikwambie haiwezekani. Nyuma kiwanda hakikuweka marekebisho ya kemba, utakubali kinachopatikana, ila kuelekea kwa tairi ndani au nje kunarekebishika. Na hiyo ndiyo isimamie kwa macho yako, kwa sababu ndiyo inayokula tairi haraka kuliko hata kemba unayoiona. Mbele iwe sifuri au karibu yake. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Bei sikuandikii, zinabadilika kila dola ikipiga chafya. Nitumie hivyo vipimo vinne, namba ya chasisi, na picha ya fimbo baada ya kutoka Muheza. Jumamosi nitapita Gerezani, nikipata springi na bushi nitazipakia kwenye basi la asubuhi. Shokapu nitazishika mkononi kwanza, nizibane, nione zinarudi zenyewe.

Dada yako anasema akija Pasaka atapanda gari lako, ila atakaa mbele.

Ni mimi, shemeji yako wa Goba