Ukiwasha injini, hicho si chombo cha matanga tena

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia umeanza kujifunza kuendesha chombo cha matanga. Umeniuliza: mashua yenye mlingoti na tanga, lakini ina injini pia, ni ya aina gani? Unasema wenzako mmebishana hadi usiku. Basi mimi nakuomba jibu lake ulishike vizuri, kwa sababu ndilo linaloamua nani ampishe nani majini.

Mabaharia wa dunia nzima wanafuata mkataba wa mwaka 1972 wa kuzuia vyombo kugongana baharini. Kanuni ya 3 inasema chombo cha matanga ni kile kinachokwenda kwa tanga, mradi injini yake, kama inayo, haitumiki kukisukuma. Kwa hiyo mlingoti peke yake hautoshi. Unaweza kuwa umetweka matanga yote na yamejaa upepo, lakini ukitia gia, hata kwa mwendo wa pole, tangu dakika hiyo wewe ni chombo cha injini. Anayekutazama kwa mbali anaona tanga tu, hana njia ya kujua. Ndiyo maana mchana unatakiwa utundike mbele umbo jeusi mfano wa pia ya kuchezea watoto, ncha yake ikielekea chini. Wengi hawajisumbui. Wewe litundike, mwanangu, kila mara. Na usiku washa taa nyeupe ya mlingotini, ambayo chombo kinachokwenda kwa tanga tupu hakiwashi.

Sababu ya tofauti hii iko kwenye upepo wenyewe. Tanga halisukumwi tu kutoka nyuma. Likikazwa vizuri, upepo unapita pande zake mbili kama unavyopita kwenye bawa la ndege, na nguvu inayotokea hukivuta chombo mbele na kukisukuma ubavuni. Mkuku, ule uti wa chini ya chombo, ndio unaozuia kwenda ubavu, ikabaki ile ya mbele. Kwa hiyo unaweza kwenda hata kule upepo unakotoka, ila si moja kwa moja. Vyombo vingi vinahitaji kukaa kama nyuzi 45 kutoka kwenye upepo, kisha vinabisha, mara kulia mara kushoto. Mwenye injini anageuka atakapo, wewe huwezi. Hapo ndipo kanuni ya 18 inapomtaka yeye akupishe.

Nakusihi haki hiyo usiilalie. Ukimpita mwenzako kutoka nyuma, wewe ndiye unayepaswa kumpisha, hata kama yeye ana injini. Wavuvi walio kazini na nyavu zao, wapishe. Chombo kilichoharibika kisiweze kujiongoza, kipishe. Na katika mkondo mwembamba, usiizuie meli isiyo na njia nyingine salama ya kupita.

Mkikutana wawili wenye matanga, tazameni upepo. Anayepigwa na upepo upande wa kushoto ampishe anayepigwa upande wa kulia. Mkipigwa upande mmoja, aliye joshini, yaani upande upepo unakotoka, ampishe aliye demani, upande upepo unakoelekea. Upande wa upepo unaujua kwa tanga kuu: upepo unahesabiwa kuwa upande wa pili, mkabala na liliko tanga hilo.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hulisahau, nalo nalipenda kuliko yote kwa busara yake. Ukiwa na upepo kushoto, ukaona chombo cha matanga joshini kwako, na huna hakika yeye anapigwa upande gani, usikae kukisia. Mpishe. Geuza mapema, na ugeuze kwa kiasi ambacho yule wa upande wa pili atakiona bila kujiuliza.

Mkifika kwenye somo la taa za usiku niandikie. Hilo nalo nina mengi ya kukueleza.

Baba yako