Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tamasha la Watoto, Bagamoyo

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Mwaka huu tamasha letu halikuwa na vikombe wala majaji. Mkutano mkuu uliopita ulibishana sana juu ya jambo hili, na wapo waliohofia kwamba mtoto hatajituma bila kushindania kitu. Hofu hiyo naiheshimu, kwa hiyo naomba nieleze kilichotokea.

Miaka ya nyuma kila kikundi kilikaa upande wake, kikaficha mitindo yake mpaka zamu ya jukwaani, kisha kikapanda basi kurudi kwao. Safari hii tuliwachanganya watoto tangu siku ya kwanza. Wageni wa Dodoma walikuja na muheme. Kwa Wagogo, muheme hupigwa na wanawake, ngoma zikiwa zimebanwa mapajani. Mabinti wetu, ambao huku wamezoea kucheza huku kaka zao wakipiga, hawakutaka kuziachia ngoma zile hata chakula kilipoiva. Sisi tuliwafundisha mdundiko, na kwa kuwa mdundiko ni ngoma ya kutembea, mazoezi yalitoka uwanjani yakaingia mtaani, na kina mama wakafuata nyuma kwa vigelegele.

Watoto wa Kilifi, Kenya, walileta kayamba, na hapo ndipo ubishi ulipozuka. Kayamba ilikwenda mbio, wapigaji wetu wakalalamika kwamba inawavuta. Niliwaomba walimu wasiingilie. Watoto walibishana, wakanuniana, kisha binti mmoja wa Kilifi akapendekeza kayamba ianze taratibu na kuongeza kasi wachezaji wakishageuka. Wakajaribu, ikakaa. Siku ya mwisho kipande hicho ndicho kilichowainua watu vitini. Kwangu mimi, ubishi ule na namna ulivyokwisha ndiyo kazi halisi ya tamasha. Urafiki wa watoto hawa ulijengwa mazoezini. Jukwaani tuliuona tu.

Hatuko peke yetu katika hili. Tamasha la dunia la maigizo ya watoto, lililoanzia Lingen, Ujerumani, mwaka 1990, nalo si la mashindano. Na mji wetu una hazina ya walimu: chuo cha sanaa kipo hapa tangu 1981, leo tunakiita TaSUBa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unampa kila mtoto haki ya kushiriki sanaa na utamaduni, awe hodari au bado anajikongoja.

Malazi yalikuwa majumbani mwa wanachama. Nawashukuru kwa dhati, na namshukuru kipekee mama aliyejifunza kupika mlenda ili watoto wa Dodoma wasikose cha nyumbani. Kila nyumba ilitembelewa mapema na kamati pamoja na ofisa ustawi wa jamii. Utaratibu huo haulegezwi, hata kwa nyumba yangu.

Wageni wa Kilifi walichelewa njiani kwa sababu ya barua za ridhaa za wazazi. Mwakani barua hizo zikusanywe mapema. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nagusia tu kwamba nauli ndiyo iliyokula fedha nyingi, na mapambo ya jukwaa yakafuatia.

Ombi langu kwenu ni hili: tupunguze mapambo, fedha hizo zilipie siku mbili zaidi za mazoezi ya pamoja. Wapo watakaosema jukwaa litaonekana duni kwa wafadhili. Waalikeni wafadhili hao waje mazoezini.

Fomu za kupokea wageni ziko kwa katibu. Anayetaka kupokea watoto mwakani aijaze leo kabla ya kuondoka, ili nyumba yake ikaguliwe kwa wakati.

Mwenyekiti