Kwa dada wa kujitolea aliyebisha hodi kwetu

Nilipoachishwa kazi, kabati lilibaki tupu nami nikaona haya kumwambia mtu. Sijui ni nani aliyekupa habari zetu. Hukunihoji; uliuliza tu tuko wangapi na nani anatumia dawa. Kisha ukamwomba mwanangu akanyage karatasi, ukachora unyayo wake kwa kalamu.

Siku ya tatu ukarudi giza likiingia, nisionwe nikipokea mzigo: chakula, sabuni, na viatu vilivyomkaa sawasawa. Vilishavaliwa, ndiyo, lakini vimepigwa rangi na kutiwa kamba mpya. Kamba hizo ndizo zilizoniliza.

Ahsante sana, dada yangu. Nanyi mnaosoma, vikundi vya kujitolea kama cha dada huyu huendeshwa na watu wasiolipwa. Mwenye saa moja ya kusaidia kupanga nguo, aende.